Dakika kumi hazitoshi: jinsi ya kulijaribu gari la haibridi kabla hujatoa pesa

Mara ya kwanza kuketi kwenye usukani wa haibridi, yaani gari linalokwenda kwa petroli na umeme, nililizima mwenyewe. Nilikanyaga breki, nikabonyeza kitufe, taa za dashibodi zikawaka, nikangoja mngurumo. Kimya. Nikabonyeza tena, safari hii kwa nguvu kidogo. Taa zote zikazimika. Kijana wa yadi akainama dirishani, kwa adabu zake zote, akaniambia: "Mama, lilikuwa limeshawaka."

Ilikuwa Makupa, Mombasa, mwezi wa tatu, jua la kaskazi likichoma hata kivulini. Mimi ni mpishi wa shughuli: harusi, hitima, chakula cha ofisini. Napikia Mji wa Kale, napeleka Bamburi, Likoni, Changamwe, popote nilipoitwa. Premio yangu ya cc 1,500 hunipa kilomita 11 kwa lita moja mjini, na siku ya jamu ya kweli hushuka hadi 9. Kila tarehe 14, EPRA, wadhibiti wa nishati Kenya, wakitangaza bei za mafuta, mimi huketi na redio kama mtu anayengoja mwezi wa Idi. Ndiyo nikaanza kutafuta Toyota Axio ya haibridi. Nilitaka sedani hasa, si Fielder wala Probox, kwa sababu sitaki biriani na abiria wakae chumba kimoja. Buti liwe buti, watu wawe watu.

Nimezijaribu Axio tatu katika muda wa wiki mbili. Ya kwanza nilikaribia kuilipia baada ya mzunguko wa dakika kumi, na ingenitoa machozi. Haibridi ni gari linalosifika haraka mno. Uzuri wake wote unakuja mwanzo: utulivu, wepesi, ubaridi wa AC, ile hali ya kuteleza bila kelele. Ubaya wake, kama upo, umejificha kwenye betri na breki, na hautoki mpaka gari lipate joto, foleni na kilima. Muuzaji anajua hivyo. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kukataa njia yake na kuchagua yako.

Lakini jua kwanza unachokiendesha, maana hata maswali utakayouliza ni mengine. Chini ya bonneti ya Axio hii mna injini ya petroli ya cc 1,496, ya ukoo uleule wa injini iliyokuwa kwenye Prius ya kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997. Pamoja nayo, ndani ya giaboksi, mna mota mbili za umeme. Chini ya kiti cha nyuma mna betri kubwa ya volti 144. Hakuna stata. Hakuna altaneta. Hata mkanda wa kuzungusha pampu ya maji hakuna, pampu yenyewe ni ya umeme. Mota ndiyo inayoiamsha injini, na ile betri ndogo ya volti 12 hupata chaji kutoka kwa ile kubwa. Gari halichomekwi ukutani. Linajichaji lenyewe kwa injini, na kila unapopunguza mwendo. Na muuzaji akikuambia lina nguvu za farasi 135, mwache aseme. Amejumlisha 74 za injini na 61 za mota. Zikivuta pamoja ni 100, basi. Zile nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse, wala usimruhusu fundi wa udadisi azishike.

Nenda na fundi wako. Mimi nilikwenda na mume wa mdogo wangu, fundi wa umeme wa magari, mtu asiyesema sana, na akisema huwa ana sababu. Piga simu mapema useme gari lisiwashwe mpaka ufike. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya bonneti. Ikiwa ya moto kwa ndani, si ule moto wa jua, mtu ameshalipasha injini ili usisikie ilivyoamka. Gari la pili nililojaribu lilikuwa hivyo, na kijana akaapa kwamba walilisogeza tu kutoka nyuma. Huenda ni kweli. Nilikunywa soda mbili nikingoja lipoe.

Ukibonyeza kitufe tafuta neno READY, lina taa yake ya kijani. Likionekana, gari liko tayari hata kama husikii kitu. Likikataa kutokea, mara nyingi ni betri ndogo ya volti 12 imechoka, ile iliyofichwa nyuma. Usiseme litasukumwa: haibridi haiwashwi kwa kusukumwa. Gari lililokaa yadi miezi mitatu betri yake ndogo huwa hoi, kwa hiyo mwambie fundi aipime, na kama ni mbovu ikatwe kwenye bei. Hilo ni jambo dogo. Baada ya sekunde chache injini baridi itaamka yenyewe ijipashe moto. Hapo ndipo pa kutega sikio. Iamke bila kutikisika. Ikitetemeka kama mtu mwenye homa ya asubuhi kisha ikatulia, au ikitoa moshi mweupe usioisha, fundi achunguze gasketi na njia ya maji kabla hujaenda popote.

Kabla hujaondoka, zima redio na feni, ukanyage breki mara nne tano. Utasikia kijisauti cha pampu, *zzzz*, kinachotoka mbele. Hicho ni cha kawaida. Breki za haibridi hukandamizwa na pampu ya umeme. Pampu ikipiga kidogo na kunyamaza, hewala. Ikiwa kila unapogusa breki inaanza upya, au inajipigia kila baada ya sekunde chache hujagusa kitu, presha inavuja ndani, na kifaa hicho ni katika vitu ghali vya kubadilisha kwenye magari haya. Shemeji yangu hulianza gari kwa breki, betri baadaye. Anasema betri mbovu itakutia hasara, lakini breki mbovu itakupeleka Manyimbo. Kwa wasioujua mji: ni makaburini.

Sasa ondoka.

Hisia ya kwanza siwezi kuieleza vizuri kuliko hivi: ni kama jahazi lililofunguliwa kamba. Hakuna anayekusukuma, umeshaondoka. Tulitoka Makupa tukapita Buxton kwa umeme mtupu, nami nikajikuta nanong'ona ndani ya gari kama mtu aliye msikitini. Raha ile iliniponza. Pale Kongowea, ukingoni mwa soko, mzee mwenye mkokoteni wa viazi alijiachia mbele yangu bila hata kugeuza shingo. Hakunisikia. Miaka yote amevuka barabara kwa masikio, na mimi nimekuja bila sauti. Nilisimama ikabaki hatua mbili, viazi vikamwagika, akanitukana matusi ya Kimijikenda ambayo, alhamdulillahi, nusu yake sikuyaelewa. Kijana wa yadi alishuka kumsaidia kuokota. Basi, ukiwa sokoni au karibu na shule, kidole kikae karibu na honi.

Pandisha Daraja la Nyali ukanyage mafuta mpaka chini. Wengi hapa hushtuka. Injini hupiga kelele kwanza, kelele moja ndefu isiyopanda wala kushuka, na mwendo unafuata nyuma yake. Mtu aliyezoea gia za kawaida hudhani klachi inateleza. Haitelezi kitu, giaboksi hii haina hatua za gia. Sauti iwe ya kukaza tu, isiwe ya kugonga wala kusaga. Na usilitarajie likurushe. Axio hii haikuumbiwa mashindano na matatu za Bamburi, nazo zitakupita zikikupigia mziki.

Kwenye breki utahisi kitu kigeni. Mwanzo wa kukanyaga, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Breki zenyewe za kubana gurudumu huingia mwishoni, gari likikaribia kusimama. Pale zinapopokezana pana mtikisiko mdogo, kama mtu aliyekuvuta kanzu. Siku ya kwanza nilidhani ni ubovu. Siku ya tatu nilikuwa siuhisi tena. Lakini tafuta barabara tupu ukanyage breki kwa nguvu mara moja, kwa sababu gari lililokuwa likisimama kwa mota tu muda mrefu diski zake zaweza kuwa zimeshika kutu, hasa huku kwetu kwenye chumvi ya bahari.

Halafu foleni. Hapa ndipo pesa yako ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mimi nilichagua foleni ya feri ya Likoni, saa nane mchana. Kijana wa yadi alikataa mwanzo. Nikamwambia nauli ya feri juu yangu, mafuta juu yangu, na chakula chake cha mchana pia. Kwenye foleni nikafunga vioo, nikaweka AC ubaridi wa mwisho na feni juu kabisa, nikatia P. Skrini ina picha ya betri yenye vijistari vinane. Tulingoja mpaka injini ilipozima yenyewe, vikiwa sita. Shemeji akabonyeza saa ya simu.

Nilitarajia kungoja. Sikungoja. Kijistari kimoja kilikwenda, kingine kikafuata, kisha viwili vikaanguka pamoja, na injini ikaamka kwa fujo. Shemeji akanionyesha simu: dakika moja na sekunde ishirini. Hatukusema kitu, tukaendelea kutazama. Injini ilichaji, vijistari vikapanda mbio, vitano, sita, saba, kama maji yanayochemka. Injini ikazima. Dakika moja na kitu, chali tena. Nyuma yangu, pembeni mwa kiti, feni ya kupoza betri ikaanza kulia kama mtu anayepuliza jiko la makaa mabichi.

"Inajaa upesi na inaisha upesi," akasema shemeji. "Hiki ni kikombe, shemeji. Wewe unauziwa ndoo."

"Ni joto tu, mama," akasema kijana.

"Joto ndilo nitakaloishi nalo, mwanangu."

Gari hilohilo, siku mbili kabla, kwa dakika kumi za kuzunguka Makupa, lilikuwa limenitoa akili kabisa. Nilikuwa nimeshamwambia dada yangu rangi yake.

Hiki ndicho kipimo, na hakihitaji ufundi: AC ya mwisho, gari limesimama, hesabu muda kutoka injini kuzima mpaka kuamka. Gari la tatu, foleni ileile, jua lilelile, lilikaa dakika saba na ushei, na vijistari vilishuka kimoja kimoja kama watu wanaoteremka ngazi. Betri yenye afya haitashuka hadi chini kabisa wala haijai hadi juu kabisa. Kompyuta huichunga ikae katikati ili idumu. Usiogope basi ukiona haijai. Ogopa ikirukaruka.

Na ukiwa foleni usitie N. Najua ni tabia yetu sote, foleni ikisimama tunatia N mguu upumzike. Kwenye haibridi ya Toyota, ukiwa N betri haichajiwi, huku AC inaendelea kuila. Tia P, au baki D na mguu kwenye breki.

AC yenyewe ina siri yake. Kompresa ni ya umeme mkubwa, na mafuta yake si yale ya kila gari: ni aina isiyopitisha umeme, Denso huyaita ND-11. Fundi wa kando ya barabara akikutilia mafuta ya kawaida, umeme unaweza kuvuja na gari zima likagoma. Muulize muuzaji kama gesi imewahi kuongezwa hapa Mombasa, na na nani. Jibu la "ndiyo, jana, ili upate baridi vizuri" si jibu zuri hata kidogo. Jambo jingine: betri kubwa hupozwa na hewa ya ndani ya gari, ileile unayovuta wewe. Anayefunga vioo na kuzima AC ili kubana mafuta anaiponda betri kwa jasho lake. Huku pwani AC ya haibridi si anasa.

Kilima kwetu ni shida, kisiwa chote ni bapa kama chapati. Nililipeleka gari la tatu Mazeras, barabara ya Nairobi, nikiwa na shemeji, kijana wa yadi, na magunia mawili ya mchele ya kilo 50 ambayo yangekuja kwangu hata hivyo. Kupanda, tazama vijistari: vitapungua, ni haki yake, lakini gari lisikate nguvu ghafla wala taa ya hatari isiwake. Kurudi, kwenye mteremko, tia B. Herufi hiyo wauzaji wengi hawaijui. Mmoja aliniambia ni ya "boost". Ni ya kuzuia mwendo kwa injini mteremkoni, betri ikishajaa na mota haina tena pa kuweka umeme. Utasikia injini ikizunguka kwa sauti, usihofu. Ukifika bonde rudi D. Namjua dereva wa teksi aliyeendesha B miezi miwili akilalamika kwamba haibridi ni uongo mtupu, inakunywa mafuta kama lori.

Sasa kompyuta. Fundi awe na kile kijidude cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya simu inayosoma betri za Toyota, Dr. Prius na Hybrid Assistant ndizo zinazojulikana. Msimbo wa hitilafu wa kutafuta ni P0A80, maana yake betri kubwa imechoka. Lakini usiridhike kwamba hakuna msimbo. Tazama ni kilomita ngapi zimepita tangu misimbo ifutwe. Gari la pili lilionyesha kilomita 4. Kilomita nne, kwenye gari lenye 61,000! Wakasema walibadilisha betri ndogo asubuhi ile, na ni kweli kwamba ukichomoa betri hiyo kumbukumbu inaweza kufutika. Sikubishana. Nikasema basi liendesheni kilomita 50, nitarudi kesho tusome tena. Kesho yake nikaambiwa gari limeshapata mteja. Wiki iliyofuata nilipita nikaliona palepale. Programu hiyo pia inaonyesha volti za betri kwa mafungu. Mwambie fundi asome gari likivuta, si likiwa limelala. Mafungu yashuke pamoja na yapande pamoja. Likianguka moja peke yake, hilo ndilo litakalowavuta wenzake.

Mafuta je? Dashibodi inaonyesha kilomita kwa lita, kwa Kijapani na namba. Usiiamini neno kwa neno. Kwa gari la tatu tulijaza tangi mpaka pampu ikakata, tukazunguka kilomita 63 pamoja na Mazeras, tukarudi kwenye pampu ileile: lita 3.1. Hiyo ni kilomita 20 na kidogo kwa lita. Dashibodi ilisema 22.6. Karatasi za Japani, gari hili lilipozinduliwa 2013, ziliandika kilomita 33 kwa lita, na hizo ni za maabara, hazikupita Kongowea. Umbali wa 63 ni mdogo kwa kipimo hiki, tofauti ya nusu lita ingenibadilishia jibu, ila ni bora kuliko maneno ya muuzaji.

Nikapiga hesabu yangu ya jikoni. Naendesha kama kilomita 1,000 kwa mwezi. Premio inakula lita 91. Axio kwa 20 ingekula 50. Lita 41 zinabaki. Kwa shilingi 180 kwa lita ni 7,380 kila mwezi. Kisha nikawauliza mafundi watatu bei ya betri kubwa, nikapewa bei tofauti, ya katikati ikiwa laki moja na thelathini. Yaani betri ikifa, imemeza akiba ya karibu miezi kumi na minane. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nirudi tena foleni ya feri na saa mkononi. Na kumbuka, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi huleta yaliyokaribia mpaka huo kwa sababu ya bei. Betri unayouziwa mara nyingi imeshakula miaka saba.

Makaratasi sitakaa nayo sana: omba karatasi ya mnada ya Japani, linganisha kilomita zake na za dashibodi, na ukiona daraja limeandikwa R au RA ujue lilipata ajali likatengenezwa. Na kabla hujashika usukani uliza bima ni ya nani mkigonga.

Nililosahau kwa magari mawili ya kwanza na kulikumbuka la tatu ni sufuria. Nilikuja nalo, namba kubwa ninalopikia pilau ya watu arobaini, pamoja na hotipoti nne. Kijana alicheka mpaka akashika ukuta. Kwenye sedani nyingi za haibridi betri hukaa nyuma ya kiti na kulila buti, lakini kwa Axio iko chini ya kiti, kwa hiyo buti ni zima. Sufuria liliingia, hotipoti tatu zikaingia. Mfuniko haukufunga mpaka tulipolaza sufuria upande, na pilau hailazwi. Tukalitoa, tukaliweka sakafuni nyuma ya kiti cha abiria. Wewe huenda una mkoba wa mtoto, au baba asiyeweza kukunja goti. Njoo na kitu chako, au njoo na baba.

Gari la tatu nimelichukua. Kabla ya kulipa, shemeji alitaka kulitazama lile tundu la hewa ya kupoza betri, liko chini pembeni mwa kiti cha nyuma, ambapo wengi huwekea mifuko na kuliziba bila kujua. Aliingiza vidole viwili kwenye wavu akavuta. Likatoka furushi la manyoya meupe, laini, marefu, mengi ya kujaza kikombe.

"Paka?" nikauliza.

Aliyanusa kwa mbali. "Mbwa, shemeji. Wajapani hutembea nao."

Akayatupa, akashusha pumzi, akaenda bombani kunawa. Aliporudi alisema nimkate muuzaji elfu kumi za kusafisha feni. Muuzaji alikata elfu sita.

Feni ile ilifunguliwa Jumamosi, ikasafishwa kwa brashi na hewa, viti vyote vikaoshwa kwa maji na udongo, kama dini yetu inavyotaka pakiguswa na mbwa. Jumapili nilipeleka chakula cha arubaini Likoni, sufuria sakafuni, vioo juu, AC ikiwaka. Foleni ilikuwa hadi juu barabarani. Nilitia P, nikaitazama saa kwa mazoea.